Re: IST au Note kwa milima ya Mwanza?

Mkuu, umeuliza uchukue Toyota IST au Nissan Note, zote 1500 cc, na nyumbani ni Isamilo, mlimani. Kwa mlima huo mimi nasema IST, na sababu ni giaboksi.

Note nyingi zinazoletwa kutoka Japani zina CVT: mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili. Inataka oili yake, NS-2. Mwenye gari wa awali akiwa aliweka ATF ya kawaida (oili ya giaboksi za otomatiki zenye gia), mkanda unateleza, unakwangua puli, na chuma kinazunguka na oili humo ndani. IST ya toleo la kwanza (2002 hadi 2007) ina giaboksi ya gia nne, na mafundi wengi wanaijua; ya toleo la pili yenye 1500 cc nayo ni CVT.

Bado Note unaitaka? Iendeshe kwanza kama dakika 20 ipate moto, kisha simama katikati ya mlima wa Bugando na uondoke taratibu. Ikitetemeka kabla ya kufika 40, au injini ikinguruma huku mwendo hauongezeki, achana nayo hata wakishusha bei.

Kwa yoyote utakayochagua, fika asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ukikuta wameshaiwasha, rudi siku nyingine. Lala chini uangalie kutu. Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi. Kutu nzito ya chini mara nyingi ni ya chumvi wanayomwaga barabarani Japani wakati wa theluji. Gonga kwa bisibisi pale springi za nyuma zinapokaa.

Namba ya chesesi ilingane na kadi, herufi kwa herufi, kabla hujatoa hata advansi.