Naunganisha vidonge vya majira, nimesahau kimoja: majibu kwa wanaouliza

Ramadhani ikinukia tu meseji zinaanza, maana wengi wanataka kufunga mwezi mzima bila kulipa siku. Kwa wasiojua, pakiti nyingi za majira, yaani vidonge vya uzazi wa mpango, zina vidonge 28, vile 21 vina homoni na 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu. Anayeunganisha anaviruka vya kahawia, kesho yake anafungua pakiti nyingine, na hedhi haiji. Haya tuanze.

Huwa nameza saa mbili usiku. Jana nimetoka tarawehe nikapitiwa na usingizi, nimekumbuka leo mchana na nimefunga. Nifungue? (Tanga)

Usifungue mwaya, subiri adhana. Ukifuturu meza cha jana, saa mbili ikifika meza cha leo, na hata ukivimeza vyote viwili kwa pamoja hakuna shida, labda kichefuchefu kidogo. Kusahau kidonge kimoja hakuvunji kinga ya mimba. Na wewe unayeunganisha tena una nafuu kuliko wengine, kwa sababu mayai yanahitaji kama siku saba za homoni mfululizo ndio yatulie na yakishatulia hayaamki kwa kuruka siku moja, ndio maana hata mtu wa kawaida anakaa siku saba kwenye vya kahawia na hapati mimba. Ila vikifika viwili mfululizo, yaani masaa 48 yamepita, hapo meza kimoja haraka, endelea na ratiba yako na mtumie kondomu mpaka umeze siku saba bila kuruka. Mimi wateja wangu nawaambia strip iwekeni juu ya kopo la tende. Tende huwezi kuisahau ukiwa umefunga.

Niko pakiti ya pili, nilisahau kimoja, sasa siku ya nne natoa matone ya kahawia. Kinga imeisha? Na swaumu yangu? (Unguja)

Swaumu muulize ustadhi, hiyo si kazi yangu. Kinga ipo. Damu sio kipimo cha kinga jamani, kuna mtu anatoa matone mwezi mzima na kinga iko palepale, na kuna mwingine mkavu kabisa kumbe kaacha vidonge wiki nzima. Matone ni kawaida sana miezi ya mwanzo ya kuunganisha, na ukiruka kidonge ndio yanakuja hasa. Endelea kumeza. Yakikuchosha, na umeshameza siku 21 au zaidi bila kukatisha, unaweza kupumzika siku tatu au nne damu itoke halafu uendelee, lakini si zaidi ya mara moja kwa mwezi. Ikiwa damu ni nyingi ya kujaza pedi harakaharaka au tumbo linauma vibaya, nenda hospitali.

Mama mkwe anasema damu isipotoka inaoza tumboni. Inaenda wapi? (Mombasa)

Haiendi popote, haipo! Homoni zinafanya ukuta wa mfuko wa uzazi ubaki mwembamba, sasa cha kumwagika kitoke wapi. Hata ile damu ya wiki ya vidonge vya kahawia sio hedhi yenyewe, ni mwili umekosa homoni siku mbili tatu. Majira yaliruhusiwa Marekani 1960 na ile wiki ya kupumzika ikawekwa ili ifanane na mwezi wa kawaida, na mwaka 2003 hukohuko wakaruhusu pakiti ya kumeza siku 84 mfululizo. Mpe mkwe shikamoo yake, mwambie kwa upole.

Nilikuwa naunganisha, nikapumzika kidogo damu itoke, nikasafiri harusini na pakiti nikaiacha nyumbani. Nimekaa siku kumi bila kidonge na juzi usiku tumekutana na mume wangu. (Dar)

Hili ndilo linaloniogopesha mimi, sio kidonge kimoja. Pengo likizidi siku saba yai linaweza kuamka. Nenda famasi leo, sio kesho, chukua P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, maana inafanya kazi vizuri zaidi ndani ya masaa 72 na kila saa inayopita inapungua nguvu. Vidonge vyako navyo anza leoleo, kondomu siku saba, halafu baada ya wiki tatu pima mimba hata kama umeona damu.

Nilitaka kuunganisha ila nimeshameza vya kahawia viwili bila kujua. (Chanika)

Vya kahawia acha, fungua pakiti mpya leo. Umepumzika siku mbili tu. Kuna dada alikuja dukani na strip imetobolewa kahawia zote, vyeupe vyote vimebaki, alidhani vya rangi ndio vikali! Huyo alikuwa anameza chuma tu wiki nzima. Kwa hiyo angalieni mishale ya kwenye strip.

Nimeanza dawa za TB, niendelee na vidonge? (Dodoma)

Usivitegemee. Dawa za TB zina rifampicin na hiyo inaliharakisha ini kuvunja homoni, umeze kwa wakati usimeze ni hivyohivyo. Kijiti nacho kinaathirika. Ongea na nesi kuhusu sindano au kitanzi, wakati huo kondomu. Amoxicillin ya kawaida haina neno.

Nimetapika baada ya kumeza. (hakuandika anapoishi)

Ndani ya masaa matatu? Meza kingine. Zaidi ya hapo kimeshaingia.

Nanyonyesha, nimechelewa masaa matano, na mimi nina siku saba za nafuu? (Mwanza)

Wewe hapana dada, hayo ya juu ya kusahau vidonge hayakuhusu. Vidonge vya wanaonyonyesha kwa kawaida vina homoni moja na vingi ukipitisha masaa matatu tu kinga inalegea. Meza sasa hivi, kondomu siku mbili, halafu nitumie picha ya pakiti nione jina.