Funga pochi, nunua waya

Msomaji mmoja kaniandikia juzi. Leseni ya redio ya ridhaa (ya kuwasiliana kwa redio kama burudani) anayo, redio ya wati 100 anayo, ila bei ya antena za madukani za bendi nyingi imemvunja moyo. Ndugu yangu, funga hiyo pochi. Jumapili alasiri nimejibiwa na stesheni ya Japani kwenye bendi ya mita 15 (bendi zetu za masafa huitwa kwa urefu wa wimbi, si wa waya), nikiwa hapa hapa Tanga, na waya wangu ni ule wa kufungia umeme ndani ya nyumba, wa 1.5.

Kuna mkubwa mmoja wa fani aliwahi kuja kwangu, akatazama juu, akacheka mbele ya wageni: "Hizi si kamba za kuanikia nguo?" Sijasahau. Yeye ana mnara, mimi nina minazi miwili.

Hizo "kamba" ni dipoli ya feni: jozi tatu za waya, kila bendi na jozi yake, zinazokutana katikati kwenye kebo moja inayokwenda redioni. Gawa 142.5 kwa masafa ya megahezi, utapata urefu wa jozi nzima kwa mita. Kwa 7.1 (bendi ya mita 40) ni kama mita 10 kila upande, kwa 14.2 (mita 20) ni 5, kwa 21.2 (mita 15) ni 3.36. Utaambiwa jozi ya bendi ya mita 40 inatosha na ya mita 15, maana 7 mara 3 ni 21. Kwenye karatasi, sawa. Ikishatundikwa, resonansi yake ya tatu (masafa ya karibu mara tatu ambayo waya huitikia vizuri) huangukia juu zaidi ya bendi, ndiyo maana jozi ya tatu ipo.

Waya wenye ganda la plastiki hutaka kupungua kidogo kuliko hesabu. Koleo iache kwanza: kata mrefu, kisha ikunje ncha irudi juu ya waya wenyewe, uifunge. Anza na jozi ya mita 40, pima SWR (kipimo kinachopanda antena ikirudisha nguvu redioni), nenda bendi ya juu yake, halafu rudi upime zote upya, maana jozi hizi huathiriana. Zitenganishe kwa vipande vya bomba la plastiki. Zikikaribiana sana, upana wa masafa unabana.

Vijana wa siku hizi mnataka kununua kila kitu! Shika waya, pima, kunja, pima tena. Sisi wa pwani tuna kazi ya ziada: kiungo cha katikati kizibe kwa silikoni, la sivyo chumvi itaigeuza shaba kuwa kijani na SWR itapanda bila wewe kugusa kitu. Na kabla ya kurusha kamba mtini, tazama nyaya za umeme zinapita wapi.