Meditesheni ya Kibudha: mawazo hayaishi, na kuachilia ndo nini? Jibu toka mwaloni Kirumba

Mkuu umeuliza mambo mawili, kwamba ukikaa kutafakari mawazo ndo yanazidi, na hii habari ya kuachilia maana yake uache kupenda familia na kutafuta hela au vipi. Mimi nanunua dagaa hapa mwalo wa Kirumba, Mwanza, nasafirisha mikoani, nakujibu kwa ninayoyapitia.

Mawazo kujaa ni kawaida, hakuna anayekutaka uyazuie. Kwenye Satipatthana, fundisho lake la kutazama kwa makini, Buddha anataja vinne vya kutazama, mwili, hisia, hali ya akili na yale yanayopita akilini. Kwenye akili ni kujua tu, ikiwa na hasira ujue ina hasira, ikitawanyika ujue imetawanyika, basi. Mahasi Sayadaw, mtawa wa Kibudha wa Burma, yeye alifundisha ufuate tumbo linavyopanda na kushuka, wazo likija unataja kimoyomoyo "nawaza, nawaza" unarudi tumboni. Natumia hiyo, haitaki jengo wala ubani.

Sasa kuachilia. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawatoki, taa haivuti kitu, tunasubiri giza, na hapohapo mteja anapiga simu anataka mzigo na marejesho ya kikoba yamefika. Nakaa kwenye kistuli changu, nikitazama vizuri kabla hata ya wazo kuna kitu kinabana chini ya kifua na meno yameumana. Nataja "inabana", sikifukuzi, kinakaa, kinalegea, saa nyingine kinarudi. Ndo nikaona kung'ang'ania kwenyewe hakuko kwenye dagaa, kuko kwenye kule kudai mwezi uishe leo, na mwezi hauna habari na kikoba chetu.

Kwa hiyo watoto unawapenda vilevile na ada unatafuta. Wabudha haohao wanafundisha metta, upendo kwa kila kiumbe, na mfano wanaoutoa ni mama anavyomlinda mwanae wa pekee kwa uhai wake, sasa hapo nani kakwambia usipende? Kwangu kilichopungua ni ukali, wife siku hizi ananiomba hela ya matumizi nikiwa mlangoni, zamani alikuwa anasubiri nile kwanza.

Anza na dakika kumi, kiti kinatosha, ila kama umetoka kufiwa au hulali usiku usijifungie peke yako, tafuta mtu wa kuongea naye kwanza. Na kuna aliyesema kutafakari hivi ni upagani, Jumapili mimi niko misani kama kawaida, kutazama tumbo likipanda sijui hapo anaabudiwa nani.