Mama kapimwa damu, karatasi imejaa L

SWALI: Shangazi asalam aleikum. Niko Lamu, mamangu ana miaka 52, siku hizi akipanda ngazi tu moyo wamwenda mbio. Kapimwa damu, HB 10.1 pembeni pana L, MCV 71 L tena, platleti 470 ndio H. Kipimo kingine kimepelekwa Mombasa, kaambiwa arudi wiki ijayo. Kakangu kaingia gugo ati ni kansa ya damu, nyumbani hakuliki hakulaliki. Nimnunulie vidonge vya kuongeza damu tukingoja?
Binti wa Langoni

JAWABU: Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza kakako mpokonyeni simu. L ni chini ya kiwango, H ni juu, bas, mashine ndio inaandika hizo sio daktari, na kiwango chenyewe hupangwa kwa watu wazima wa afya 95 katika 100, yaani wale watano wengine hawaumwi chochote na bado wataandikiwa L au H.

Ya mama lakini si ya kupuuza. HB ni himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa, mwanamke asiye na mimba ikiwa chini ya 12 damu imepungua. MCV ni ukubwa wa chembe nyekundu, kawaida 80 mpaka 100, zake ni ndogo, na hapo kinachoshukiwa mwanzo ni madini ya chuma kupungua, hata platleti, chembe za kugandisha damu, hupanda chuma kikipungua kwa hivyo namba zote tatu zaweza kuwa jambo moja. Ila sisi wapwani wengi tumerithi alfa thalasemia, hitilafu ya damu ya ukoo, nayo hufanya chembe kuwa ndogo hata kama chuma kipo tele! Kinachotenganisha ni feritini, akiba ya chuma mwilini, muulizeni daktari kama ndio hicho cha Mombasa. Kansa kwa namba hizi tatu hasemi mtu, si mimi si gugo.

Vidonge acha kwanza. Hugeuza choo kikawa cheusi, na choo cheusi ndio daktari atakachouliza, manake kwa umri wake chuma kikiwa kimepungua lazima watafute damu inapotokea, hedhi nzito, vidonda vya tumbo, minyoo ya safura, na mengineyo.

Siku ya kurudi beba na karatasi za zamani, MCV ikiwa ndogo tangu alipokuwa anazaa hiyo ni habari nyingine kabisa, huenda ni ile ya kurithi. Chai asinywe na chakula, yazuia chuma (najua Lamu hilo ni gumu).

Akikosa pumzi ametulia, kifua kikibana, akizirai au choo kikiwa cheusi kama lami, msingoje wiki ijayo, mpelekeni usiku huohuo.