Pasi ya mume si tiketi ya ndege

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa kwenye tramu huku Ujerumani, nikacheka peke yangu mpaka bibi wa kiti cha mbele akageuka kunitazama. Umesema mchumba wako, yule mtoto wa Chumbageni aliyechukua uraia wa Ujerumani, amekwambia uombe visa ya matembezi, uje, mfunge ndoa huku, na mengine yatajipa. Shoga yako wa Makorora naye kaongeza kwamba ukishaolewa na raia, kilichobaki ni kupanda ndege tu. Na mama mdogo anauliza kama apokee mahari sasa au asubiri visa itoke.

Nianze na mama, maana swali lake ndilo lenye akili kuliko yote. Mwambie apokee, na ndoa ifungwe hapo hapo Tanga, watu wale pilau. Shehe awe na kibali cha serikali cha kufungisha ndoa na cheti kisajiliwe, basi. Ukiwa na cheti hicho unaomba visa kama mke. Ukija kama mchumba, ofisi ya ndoa ya huku itataka hati ya kuthibitisha kwamba hujaolewa, itataka tafsiri ya kila karatasi, na visa yenyewe inasubiri ofisi hiyo iridhike kwanza. Njia hiyo ipo na ni halali, lakini ni ndefu bila sababu. Na akikwambia mtafunga nikaha msikitini huku, ujue kwamba bila ndoa ya serikali, mbele ya sheria za Ujerumani wewe bado ni mgeni wake tu.

Visa ya matembezi isahau. Inakupa siku 90 ndani ya siku 180, na dirishani utaulizwa unakwenda kufanya nini. Utasema unakwenda kutembea, na moyoni una harusi? Huo ni uongo, na siku utakayoomba visa ya kweli wataukuta. Wapo wanaokimbilia Denmark kufunga ndoa, kwa sababu kule karatasi ni chache. Ndoa inakubalika, sikatai. Lakini wakirudi Ujerumani na visa ile ya siku 90 wakaomba kibali cha kuishi, kwa kawaida huambiwa rudi kwenu, ukaombe visa ya mwenza kutoka huko. Namjua mmoja yalimkuta hayo. Alirudi Dar na mimba ya miezi minne.

Visa ya mwenza inaombwa ubalozini Dar, kwenye jengo la Umoja House. Hilo si tatizo. Ubalozi hauamui peke yake: faili lako linapelekwa kwenye ofisi ya wageni ya mji anaoishi mumeo, nao wanaangalia, wanauliza, wanakaa nalo. Mimi nilingoja miezi saba. Wakiingiwa na shaka kwamba ndoa ni ya karatasi, wanawahoji kila mmoja kivyake, siku moja, maswali yale yale. Mlikutana wapi, mamkwe anaitwa nani, harusini mlikula nini. Usikariri majibu. Mjue mumeo tu.

Sasa Kijerumani. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, na ndipo mchumba wako alipokaa kimya. Tangu 2007 mwenza anayekuja kuishi na Mjerumani lazima aonyeshe cheti cha ngazi ya kwanza, A1, kabla ya kupewa visa. Haijalishi mumeo kazaliwa hospitali ya Bombo hapo Tanga na nyumbani mtaongea Kiswahili mpaka kufa. Ajabu ni kwamba kama angekuwa Mfaransa anayefanya kazi Ujerumani, mkewe asingeulizwa Kijerumani, kwa kuwa wao wanafuata sheria za Umoja wa Ulaya. Mwenye nchi ndiye mkewe anayetahiniwa. Nilipoelezwa hayo nilidhani nata­niwa.

Mtihani wenyewe unafanyika taasisi ya Goethe, ile inayofundisha Kijerumani, Upanga, Dar. Kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na unafaulu kwa alama 60 kati ya 100. Mimi mara ya kwanza nilipata 54. Nilikuwa nimepanga chumba Magomeni miezi mitatu kwa ajili ya masomo, nikarudi Tanga na basi la asubuhi nimejifunika mtandio usoni kama niliyefiwa. Kilichonimaliza ni herufi. Wanakutaka utaje jina lako herufi moja moja, na sisi tumezoea kuzitaja kwa Kiingereza. Nikisema “i” nikiwa na maana ya E, mwenzangu anasikia I. Kumbe herufi zao za a, e, i, o, u zinatajwa karibu sawa na zetu! Zitaje kama unavyomfundisha mtoto kusoma, utapita. Namba nazo wanazigeuza, 21 kwao ni “moja na ishirini”. Wewe uliyesoma chuo cha Kurani hiyo haitakusumbua, ni kama Kiarabu, wahid wa ishirin. Na maneno mawili unayo tayari tangu utotoni, shule na hela, yote tuliyapata kwao. Yaliyobaki anza leo, usingoje harusi.

Ukifika, utapewa kibali cha kuishi na ruhusa ya kufanya kazi yoyote tangu mwanzo, tofauti na wanavyosema barazani. Ila ruhusa si kazi. Vyeti vyako vya uuguzi vitahitaji kukaguliwa na kutambuliwa kwanza, na A1 haikufikishi wodini. Mimi nilipelekwa darasani saa 700, kati ya hizo 600 ni lugha. Mchana nasoma, jioni nasafisha maofisi. Picha ile ya theluji mliyoipenda sana niliipiga nikitoka kudeki ngazi, saa kumi na moja jioni, giza totoro.

Kuna jambo moja sikuambiwa na mtu, nami nakwambia. Kibali kile kinasimama juu ya ndoa. Mkiachana kabla hamjakaa pamoja huku miaka mitatu katika ndoa, haki yako ya kubaki inayumba. Shemeji yako ni mtu mwema, lakini miaka ile mitatu nilikuwa nikigombana naye hata kwa mambo ya chumvi, kisha usiku najiuliza kama nimejiharibia. Hali hiyo haipendezi hata kwa mume mwema. Kwa mume mbaya ni kamba. Sheria inamlinda anayepigwa au kuteswa, hasubirishwi miaka hiyo, na kuna namba ya wanawake, 116 016, ni bure usiku na mchana, nao hutafuta mkalimani. Iandike mahali ambapo si kwenye simu tu. Simsemi vibaya mchumba wako, simjui. Ila pasi yako na vyeti vyako vikae mkononi mwako, na mshahara wako wa kwanza uingie akaunti yenye jina lako.

Habari ya uraia usinipigie hesabu sasa. Ujerumani tangu Juni 2024 hawakulazimishi kuacha uraia wa kwenu, lakini Tanzania mtu mzima hawezi kuwa nao miwili. Mchumba wako alipokuja kuposa, alilipa dola 50 za visa aingie nchi aliyozaliwa. Muulize alijisikiaje, naamini hilo hakukuhadithia.

Kwa sasa nipigie picha cheti cha kuzaliwa, pasi na cheti cha kidato cha nne, uzitume zote pamoja. Mimi karani alinikatia herufi ya mwisho ya jina kwenye cheti kimoja, nikahangaika na viapo vya mawakili wiki sita. Nataka kuona kama majina yako yanalingana kabla shehe hajaandika la nne.