Maswali ya Wasomaji: Amplifaya ya volti 100, santuri inayoburuta na laptopu yenye mwenyewe

Tuliwaomba mtuandikie mlichonunua karibuni katika vifaa vya mtumba, vya muziki na vya kompyuta. Tumechagua barua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayounguza vifaa vingi.

SWALI: Nimenunua Kariakoo amplifaya iliyotoka Japani, nzito na safi kabisa. Nyuma imeandikwa AC 100V, 50/60Hz, 190W. Muuzaji ananiambia nitafute transfoma ya volti 110, eti ni karibu sawa. Niamini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usiamini, na usiichomeke popote kwanza. Transfoma nyingi za "220 kwa 110" hugawa umeme kwa mbili tu. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo utapata 115, yaani asilimia 15 juu ya kinachotakiwa. Ndani ya amplifaya kila kitu hupanda kwa kiasi hicho hicho: kwa mfano, laini ya umeme wa ndani ya volti 42 inakuwa 48, na kama kapasita zake kubwa (vifaa vinavyohifadhi umeme) mwisho wake ni volti 50, umebaki na nafasi ya volti mbili. Transfoma ya ndani nayo itavuma na kuchemka hata muziki ukiwa chini. Amplifaya inaweza kupiga miezi kadhaa hivyo, kisha ikafa siku umeme ukipanda kidogo, na lawama ikaenda kwa TANESCO.

Tafuta iliyoandikwa 240 kwa 100. Kwenye volti 230 itakupa 96, na hapo amplifaya inatulia. Ile ya 220 kwa 100 itatoa takribani 104, nayo inafaa, ila umeme wa mtaani ukifika 240 itatoa 109. Kabla ya kununua pima umeme wa ukutani kwako kwa mita, asubuhi na usiku, ndipo uchague.

Ukubwa wa transfoma hupimwa kwa VA (volti mara ampea): kwa wati 190 chukua VA 500. Ipime kwa mkono, maana transfoma halisi ya VA 500 ni chuma na shaba, ina kilo kadhaa. Ukikuta kiboksi chepesi kilichoandikwa wati 1,500, hicho kinakatakata umeme kwa ajili ya pasi na mashine za kukausha nywele. Hakifai kwa muziki hata kidogo. Jua pia kwamba transfoma nyingi za bei nafuu zina koili moja ya pamoja kwa pande zote mbili. Waya wake wa chini ukikatika, volti 230 zinaweza kutokea upande wa 100. Fyuzi haizuii volti hizo, lakini weka ya ampea 3, ya kuchelewa kukatika, kwenye njia ya kutokea, ikate mkondo ukizidi.

Sasa kuwasha mara ya kwanza. Tengeneza kebo yenye holda ya balbu iliyounganishwa mfululizo kwenye waya wa moto, ndani ya boksi lililofunikwa, na uweke balbu ya wati 100 ya nyuzi, ile ya zamani. Balbu ya LED haifanyi kazi hii. Chomeka transfoma peke yake kupitia balbu: itamulika mara moja na kuzima, na mita isome karibu na 100 upande wa pili. Kisha unganisha amplifaya bila spika. Balbu iwake kwa nguvu sekunde moja au mbili, halafu ififie hadi wekundu hafifu. Ikibaki inawaka kwa nguvu, chomoa. Kuna shoti ndani, mara nyingi transista za nguvu, na balbu ndiyo imeokoa vilivyobaki.

Ikifaulu, ondoa balbu na uwashe moja kwa moja, bado bila spika, sauti ikiwa sifuri. Subiri relei (swichi ya ndani inayounga spika) ilie "tak" baada ya sekunde chache. Acha ipate joto dakika 10, weka mita kwenye volti za DC (umeme wa njia moja, kama wa betri), uguse vituo vya spika, kushoto na kulia. Chini ya milivolti 50 ni salama. Zaidi ya 100, mpelekee fundi kabla ya kuunga spika. Ukikuta volti nzima-nzima, spika yoyote utakayounga itaungua koili.

Ukilazimika kufungua mfuniko, kumbuka kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Shika resista ya omu 1,000, wati 5, kwa koleo lenye mpira, iguse miguu miwili ya kila kapasita kwa dakika moja, kisha pima. Usiingize mkono kabla mita haijashuka chini ya volti 2.

SWALI: Dada yangu amenitumia kutoka Marekani mashine ya santuri inayozungushwa na mkanda. Natumia transfoma ya 240 kwa 120 lakini nyimbo zinaburuta. Mkanda umechoka? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Mkanda hauna kosa. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde). Marekani umeme ni hezi 60, kwetu ni 50, na mota ya AC, inayotumia umeme wa ukutani moja kwa moja kama yako, hufuata hezi. Hesabu mwenyewe: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani na uhesabu mizunguko kwa dakika tatu. Inatakiwa iwe 100. Ukipata 83, jibu ni hilo.

Dawa ni mbili. Moja ni puli (kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda) ya hezi 50 ya modeli hiyo hiyo, ambayo ni nene kwa takribani asilimia 20. Fundi wa mashine ya kukereza anaweza kuichonga kwa shaba, mradi tundu liwe katikati barabara, la sivyo sauti itayumba. Ya pili ni inveta ndogo ya volti 120, hezi 60, yenye wimbi safi, inayotumia betri ya volti 12. Mota hiyo hula wati chache tu, kwa hiyo inveta ndogo kabisa inatosha. Mashine zenye mota ya DC, au zinazoendeshwa moja kwa moja na kuongozwa na kioo cha kwatsi, hazina shida hii.

SWALI: Nimechukua ThinkPad T480 iliyotoka Ulaya. Muuzaji amenipa siku saba za kurudisha. Nikague nini? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Anza na mwenyewe wa zamani. Washa huku ukibonyeza F1 uingie kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine, kabla ya Windows). Ikidai nenosiri, irudishe leo hii. Nenosiri hilo limeandikwa ndani ya chipu na kutoa betri ndogo ya saa hakulifuti. Kisha futa Windows na uipange upya ukiwa kwenye intaneti. Ikikuonyesha jina la kampuni fulani na kudai barua pepe ya kazini, bado imesajiliwa kwao, na ni wao tu wanaoweza kuiachia. Wauzaji wengine huipanga bila intaneti ili hilo lisijitokeze.

Betri ziko mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, fungua faili la ripoti, na ulinganishe Design Capacity (uwezo wa ilipokuwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wa sasa) kwa kila moja. Ya ndani ikitoka 24,000 na kubaki 14,000, imebaki asilimia 58. Dai punguzo la bei ya betri.

Jaribu kuchaji kwa matundu yote mawili ya USB-C. Lile lenye alama ya radi lilikuwa na hitilafu ya programu ya ndani katika mashine za awali, na Lenovo ilitoa sasisho. Kama bado linafanya kazi, liwekee sasisho hilo mara moja. Angalia pia prosesa: i5-8250U au i5-8350U inakubali Windows 11, na hilo lina uzito kwa kuwa msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025.

SWALI: Spika za mtumba zenye ukingo wa sponji, ninunue? – Msomaji, Zanzibar

JIBU: Bonyeza ukingo polepole kwa kidole. Ukimong'onyoka, bei ishuke kwa gharama ya kubadilisha sponji zote mbili, maana unyevu wa pwani hauziachi. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vinne: ikikwaruza ndani, koili imehama, achana nayo. Kwa mita, spika ya omu 8 husoma 6 na kidogo. Isiposoma chochote, koili imekatika. Ukiwa na uchaguzi, chukua zenye ukingo wa mpira.

SWALI: Nikiunga laptopu kwenye amplifaya inavuma "mmmm". Kifaa gani kibovu? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Huenda hakuna kibovu. Chomoa chaja, laptopu iende kwa betri. Mvumo ukikoma, unapitia waya wa ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) wa chaja. Nunua kitransfoma cha kutenganisha sauti, chenye matundu ya RCA (yale ya duara ya waya za sauti) pande zote, ukiweke katikati. Pini ya ethi usiikate.