Kinanda ni cha nyuzi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kinanda ni ala gani hasa? Hapa Lamu jibu litategemea umemuuliza nani. Kijana atakuonyesha kile cha umeme, chenye vibonye vyeupe na vyeusi, kinachotawala taarabu za harusi. Mzee atakwambia kinanda ni cha nyuzi, na mimi niko upande wa mzee.

Kinanda cha kale ndicho kibangala, au gambusi kwa wengine. Huchongwa katika gogo moja, tumbo na shingo bila kiungo, kisha tumbo likawambwa ngozi kama ngoma. Hapo ndipo kinapoachana na udi, ambao tumbo lake ni vibao vyembamba vilivyopindwa na kuunganishwa, na uso wake ni wa mbao. Sauti ya ngozi ni kavu na hukatika upesi, kwa hiyo mpigaji akizembea kidogo wimbo unabaki na mashimo. Kilipigwa kwenye gungu, ngoma ya harusi za waungwana, ambayo nyimbo zake nyingi hunasibishwa na Fumo Liyongo. Ndiyo maana wazee husema "gungu na kinanda" kwa pumzi moja.

Baadaye jina likatanuka. Likashika kinanda cha kanisani, likashika gramafoni, hata kinanda cha mdomo kisicho na uzi wowote. Wala si neno hili peke yake: santuri asili yake ni ala ya Waajemi na Waarabu, nyuzi zake hugongwa kwa vijiti, kwetu ikaishia kuwa sahani ya gramafoni. (Udi nao una mawili, ila hautatizi mtu: ukipigwa ni ala, ukifukizwa ni manukato.)

Anayedhani kinanda cha nyuzi ni ubishi wa wazee wa Lamu afungue Zaburi ya 150 katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version. Kinanda kimewekwa pamoja na kinubi, na kinubi hakina vibonye. Kwaya ikiisoma Malindi, aliyeketi pembeni kupiga vibonye naye anaitwa mpiga kinanda, na hakuna anayeshangaa.

Harusini ndiko kwenye matatizo. Jirani yangu hapa Langoni aliagiza kinanda akitaka udi na nyimbo za taratibu. Wakaja vijana na spika mbili kubwa, wakauliza stima iko wapi.